Mwendo wa Saa Mbili na Dakika Hamsini

Jumamosi asubuhi mzee Bogumił alipanda ndege mjini Krakow, Poland, kwenda Dublin, Ireland, mfukoni ana saa ya mkono ya kitoto, nyekundu, na mkobani soseji tatu alizozifunga ndani ya soksi safi. Saa ilikuwa ya mjukuu wake Kalina, ambaye Jumapili angepokea Komunyo ya Kwanza. Kwao mtoto wa komunyo hupewa saa na babu yake. Kalina alikuwa na miaka tisa, na babu alikuwa hajamwona hata siku moja.

Si kwamba hakujua njia. Bogumił alipima barabara miaka thelathini na minane. Kwa habari ya umbali, hakuna wa kumfundisha. Kila mwaka binti yake Jagoda, mama wa Kalina, alipopiga simu kutoka Dublin kumwita, alimjibu: "Mwanangu, kilomita elfu moja mia nane ni nini? Saa mbili na dakika hamsini tu. Nitakuja siku yoyote." Na "siku yoyote" haimo kwenye kalenda.

Ndege ilipokwisha kupaa, rubani alitangaza kwamba mwendo ni saa mbili na dakika hamsini, hali ya hewa ni njema, isipokuwa kwa abiria wa kiti cha kumi na nne dirishani, ambaye mwendo wake ni miaka tisa.

Jirani yake akageuka. "Ni wewe huyo, mzee?"

"Ni mimi. Ningejua ningebeba soseji zaidi."

"Pole. Mimi wananingoja kwa chakula cha mchana."

Walipotua, abiria wakapiga makofi, maana Mpolandi hashuki bila kumpigia rubani makofi. Bogumił naye akapiga, akafungua mkanda. Mhudumu akamgusa bega.

"Babu, wewe bado. Kaa."

"Na makofi yangu?"

"Hayaharibiki."

Akakaa. Ndege ikaenda, ikarudi. Kila ilipotua alipiga makofi kwa adabu, hadi viganja vikaota sugu ambazo kazi ya barabara haikumwotesha. Soseji ziliisha kabla ya Krismasi ya kwanza. Alijihesabu kuwa mpima barabara pekee aliyepata kupotea huku amefungwa kitini.

Mwaka wa tisa mhudumu, sasa mwenye miwani, akamwambia, "Haya babu, umefika."

Jagoda alifungua mlango, kichwa kimejaa mvi. "Baba, supu imepoa. Niipashe?"

"Ipashe."

Kalina, msichana wa miaka kumi na minane, alikuwa akitoka kwenda kazini. Akaijaribu saa. Mkanda haukuzunguka mkono, akaitundika kwenye funguo zake.

"Nzuri, babu. Ila inatangulia."

"Kiasi gani?"

"Saa moja. Hukuirudisha nyuma kwa majira ya huku."

Akaondoka. Bogumił alikunywa bakuli mbili za supu. Siku ya kumsindikiza, Jagoda alimuuliza atakuja tena lini.

"Aa, si mbali hapa," alisema. "Siku yoyote."

Jagoda akarudi nyumbani, akaitia supu iliyobaki kwenye friza.