Namba Tisa kwenye Picha

Siku ile bwege nilikuwa mimi, na sina wa kumsingizia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano ya kuandika historia, kalamu mbili, kinasa sauti, na kimbelembele cha kuwatosha watu watatu.

Kitabu changu kilihusu kikosi kimoja tu. Nilizunguka miji saba nikiwatafuta wazee waliobaki, kwa basi, kwa lori, mara moja nikibanana na mitungi ya gesi iliyonijali kuliko mwenye lori. Kila mstaafu nilimwachia nakala ya picha ya kikosi, sura zote nimezipa namba, aniambie nani ni nani. Wazee sita walifika namba tisa wakaigeuza picha kifudifudi. Kijana mwembamba, sikio la kushoto limekunjamana kama karatasi iliyotupwa. Mtu wa redio. Walisema alitekwa, na ndiye aliyemwonyesha adui njia ya kuingilia kambini, na watu kumi na mmoja wakafa wakiwa wamelala.

Mmoja wa hao kumi na mmoja alikuwa mdogo wake Dereva, mzee aliyeendesha lori la kikosi na ambaye jina hilo limemganda mpaka leo. Dereva aliniambia kwa upole mno, "Ukimpata, nipigie. Hata chai yake usiimalize kwanza."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa kiaskari.

Nesi mstaafu wa kikosi ndiye aliyenielekeza kwa fundi saa mmoja, akaniomba nisimtaje fundi huyo kwa mstaafu mwingine yeyote. Nikaapa. Nikampata kwenye chumba chembamba, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, saa za ukutani zaidi ya ishirini zikigonga kila moja na wakati wake. Mkewe alitandika kitambaa mezani, akaleta chai. Fundi akageuka kuchukua bisibisi, nami nikaliona sikio.

Mtu mwenye akili angekunywa chai. Mimi nilitoka barazani, nikapiga simu, na nikamtania Dereva kwa sauti ya mtu aliyeshinda bahati nasibu, "Mzee, namba tisa wako ni mzima, ana saa nyingi kuliko wewe." Nikamtajia na mtaa.

Dereva akasema, "Usiondoke. Nakuja." Mji wake ulikuwa mwendo wa saa moja na nusu.

Niligeuka, nikamkuta mke wa fundi mlangoni ameshika sinia. Alikuwa amesikia yote. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliingia, akashusha pazia la dirisha, akasukuma komeo. Nilimsihi fundi aondoke kwa mlango wa nyuma. Alijibu kwamba ameshahama miji minne kwa sababu ya sikio hilo, magoti yamechoka. Akaendelea kusafisha gurudumu dogo kuliko punje ya mchele.

Tulisubiri. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilinipeleka kwenye pazia kuchungulia, na zile saa zilikuwa zikinizomea kutoka pande zote. Kinasa sauti kilikuwa bado kimewashwa, lakini sikuthubutu kuuliza swali hata moja. Mama yule alikaa kati ya mumewe na mlango, mikono mapajani, kama mtu anayengoja zamu yake kwa daktari.

Mlango uligongwa mara tatu, taratibu.

Fundi mwenyewe ndiye aliyeinuka kufungua. Dereva aliingia akiwa amevaa koti zito siku ya jua, mkono wa kulia umezama mfukoni. Sote tulitazama ule mfuko. Alimtazama fundi kuanzia viatu hadi sikio, akauliza swali moja tu, "Walikutesa siku ngapi kabla hujasema?"

Ningekuwa mimi, ningesema wiki mbili.

"Siku moja," fundi akajibu. "Sitakudanganya, ndugu yangu. Hata jua halikutua."

Nilihesabu milio ya saa ili nisipige kelele. Dereva alitoa mkono mfukoni. Ulikuwa mtupu, unatetemeka kwa ugonjwa wa uzee, na alikuwa akiuficha kwa aibu. Alijishusha kwenye kiti changu, akaivuta chai yangu iliyopoa.

"Mimi ningesema asubuhi hiyohiyo," akasema.

Hawakushikana mikono wala kusameheana kwa maneno. Kisha Dereva akanigeukia. Alisema wale wengine watano si kama yeye, wengine wana watoto wenye hasira kuliko baba zao, na mimi nimemwachia kila mmoja picha. Akataka nirudi nikazikusanye zote, na namba tisa afe kitabuni, vitani, bila sikio wala mtaa.

Hapo ndipo hofu iliponitoka kidogo na ubwege ukachukua nafasi yake. Nikaanza hotuba. Nikasema siwezi kumwua mtu aliye hai kwa kalamu, marehemu kumi na mmoja wana haki yao, siku moja ya mateso nayo ni historia. Fundi aliinamisha kichwa. Nikajiona nimeshinda, nikamalizia kwa kusema kwamba siandiki kwa ajili yangu, naandika kwa ajili ya vizazi vijavyo, na vyenyewe vinataka kujua.

Mke wa fundi aliliondoa sinia mezani.

"Vizazi vijavyo ni wajukuu zangu wanne," akasema. "Wamekutuma lini?"