Kisima cha Karakana

Machimboni walimwita Dada Maji. Kila msimu ulipogeuka alifika na gari la maabara, chupa zake na boksi la barafu, akazunguka ukingo wa shimo akichota maji ya chini ya ardhi kwenye visima vya kupimia. Visima vyenyewe ukiviona huwezi kuviita visima: bomba la chuma limechomoza hadi usawa wa kiuno, lina kifuniko na kufuli, basi. Watu wa bondeni walikunywa maji yaliyopita chini ya shimo lile, na kazi yake ilikuwa kujua yamebeba nini.

Kaka yake aliendesha kijiko, lile tingatinga la kuchimbia, katika machimbo hayo hayo. Wote wawili waliishi kwa mama yao.

"Mnakwenda sehemu moja, kwa nini msipande gari moja?" mama aliwauliza asubuhi moja.

"Mama, Msumari akiniona nashuka kwenye gari la maabara atanitafuna mzima mzima," kaka akajibu.

Msumari ndiye aliyekuwa nyapara. Ndiye pia aliyemtoa kaka mtu kijiweni, alikokuwa akishinda anakagua magari ya watu yakipita, akamkalisha kwenye kijiko na kumfundisha kazi. Kaka hakuwa mtu wa kusahau fadhila.

Alipokuwa anafunga kamba za buti, alisema bila kumtazama dada yake, "Kile kisima cha karibu na karakana, leo kipite tu."

"Kina nini?"

"Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Mimi naenda kupima maji, siendi kubusu mikono ya watu."

Mama alicheka. Kaka hakucheka.

Visima vya juu vilitoa maji safi. Kile cha karakana alikikuta kufuli limevunjwa, na kifuniko kinateleza kwa uchafu mweusi. Alishusha tepu ya kupimia kina, ikarudi imepakaa kitu kama lami na kunuka oili chafu ya injini. Hapo hakuhitaji kuambiwa. Mafundi walikuwa wanamwaga oili ndani ya bomba, na bomba linaipeleka moja kwa moja kwenye maji. Akashusha pampu, akaiwasha, akaanza kujaza chupa ya kwanza.

"Hicho achana nacho," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa Msumari, mfupi, kifua kipana, vumbi la mawe limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Mnamwaga oili humu."

"Nani kakwambia?"

"Pua yangu."

Msumari akaipiga teke ile chupa. Dada Maji akainama, akachukua nyingine. Msumari akamtandika kofi la uso, dada akaangukia bomba, mdomo ukapasuka.

Alitarajia kuogopa, lakini woga haukuja. Kilichokuja kilikuwa cha moto, kikampanda kutoka tumboni hadi machoni. Mkono wake ukaikuta ile spana kubwa ya kufungulia vifuniko, akaizungusha kwa nguvu zake zote kwenye goti la nyapara. Goti likalia kama ukuni mkavu. Msumari akabweka kama mbwa aliyekanyagwa na lori.

Mafundi wakatoka mbio karakanani. Kaka yake naye akaruka kutoka kwenye kijiko, akawapita wote. Alimfikia dada yake kwa nyuma, akamkumbatia na kumbana viwiko, spana ikaanguka.

"Tulia, mdogo wangu. Tulia yaishe."

"Niachie!"

"Nakuokoa, bwege wewe! Tulia!"

Msumari alijiinua akichechemea. Alimwona amebanwa, hana mkono wa kujikinga. Akamsogelea, akamtwanga ngumi ya pua. Kichwa cha dada mtu kikagonga kifua cha kaka yake. Kaka alipigwa na butwaa, mikono yake ikachelewa kufunguka, na katika kuchelewa huko ngumi nyingine ikatua mdomoni na kung'oa jino.

Ndipo akamwachia. Dada akaporomoka magotini.

Alichokifanya kaka baada ya hapo hakikuwa ugomvi tena. Alimrukia Msumari, akamshindilia ngumi, akamkamata ukosi.

"Mimi ndiye niliyekutoa kijiweni!" Msumari alifoka, damu ikimtoka. "Kweli fadhila ya punda ni mateke!"

Kaka akaugongesha uso wake kwenye mdomo wa lile bomba. Akarudia. Chuma kikaingia jichoni. Fundi mmoja alijaribu kuamulia, akala kiwiko cha shingo, akakaa chini. Wengine walibaki wamesimama, mikono imeganda na grisi. Msumari akalegea, akaanguka chali. Kaka akaokota jiwe ambalo siku nyingine lingehitaji watu wawili, akaliinua juu ya kichwa.

Dada Maji alitambaa. Hakuwa na huruma yoyote na Msumari, ila alikuwa na kaka mmoja tu. Akajilaza juu ya yule mtu, akamfunika kichwa kwa mgongo wake.

"Angusha basi," akasema. "Angusha, uanze na mimi."

Jiwe likatetemeka juu yao. Kisha likatupwa pembeni kwa kishindo, na kaka akakaa chini akatapika.

Walipokuwa wanampakia Msumari kwenye gari, pampu bado ilikuwa inavuma na kutema maji. Dada Maji alinawa, akavaa glavu mpya, akageuza uso pembeni ili damu isidondokee ndani, akaanza kujaza chupa.

"Wewe mwanamke una wazimu," fundi akamwambia.

"Shika boksi."

Fundi akalishika.

Polisi walimchukua kaka siku hiyo hiyo. Msumari alipoteza jicho, na alipotoka hospitali akapandishwa kizimbani kwa shambulio na kwa uchafuzi, maana maji yalionyesha kila kitu. Karakana ikafungwa, watu wa bondeni wakaanza kuletewa maji kwa lori. Kaka alihukumiwa kifungo. Mama hakuzungumza na binti yake, ila mara moja tu: "Ungekipita tu."

Siku ya kumtembelea gerezani, kaka alikaa ameficha mikono chini ya meza.

"Nilikushika ili yaishe," akasema.

"Najua."

"Akakupiga mikononi mwangu."

Dada alisogeza kiti karibu na meza.

"Niambie ukweli. Usingejilaza pale, ningemuua?"

"Ungemuua."

Kaka aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa majibu ya hospitali aliyokwisha kuyahisi. "Basi kamwambie mama hivyo. Aache kutangaza mtaani kwamba mwanawe kaonewa. Na wewe aache kukununia."

Alimweleza mama jioni ile, jikoni, neno kwa neno. Mama alilia kwa sauti, akasema maneno makali ya kumlaumu kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo. Alipochoka akajifuta uso kwa upindo wa khanga, akavuta taa karibu.

"Hebu fungua mdomo," akasema. "Nilione hilo pengo."