Bahari Iwe Mkono Gani

Kaka zangu wawili walinuniana miaka zaidi ya kumi kwa sababu ya bahari. Si nyumba, si shamba la marehemu baba, si mwanamke. Wangegombania mwanamke, angalau ningekuwa na la kuwaambia watu.

Huku kwetu pwani ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, mwanamume akistaafu hununua baiskeli yenye bei ya gari kuukuu na kaptura ya kubana isiyomsitiri, na Jumapili hutoka kwenda kuzunguka. Mzunguko wenyewe kila mtu anaujua. Deba, kilima cha Itziar, Zumaia, Getaria, Zarautz, halafu unaiacha bahari, unapanda milima ya Aia, unashukia Azpeitia, na kwa kupitia mlima Azkarate unarudi tena Deba. Anzia popote, utarudi palepale. Kinachobaki ni kuamua uelekee upande gani, na hapo ndipo wazimu ulipowaingia ndugu zangu.

Gotzon, mkubwa wetu, anakaa Deba. Kwake mtu mwenye akili huelekea mashariki, upepo umsukume mgongoni, bahari iwe kushoto. Laxaro, kitinda mimba, anakaa Zarautz, na kwake bahari ni ya mkono wa kulia, uipite kwa karibu mpaka mawimbi yakurushie maji usoni. Zamani walizunguka pamoja kwa zamu, wiki hii upande huu, wiki ijayo upande ule. Kisha siku moja, mezani kwangu, Gotzon akasema anayezunguka kinyume hajui baiskeli. Laxaro akamjibu kwamba anayengoja kusukumwa na upepo abaki nyumbani afume soksi. Maneno yakapanda, baba akatajwa kaburini kwake, vikombe vyangu viwili vikavunjika, na kila mmoja akaapa kutouona tena uso wa mwenzake.

Basi kila mtu akashika upande wake. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kuamini. Watu wawili wasiotaka kuonana walichagua kuzunguka barabara moja ya duara, siku ileile, saa ileile, mmoja akienda huku na mwingine kule. Matokeo yake walikutana mara mbili kila Jumapili. Mara ya pili ilikuwa huko milimani, sikuiona. Ya kwanza ilikuwa mbele ya baa yangu hapa Getaria, mbele ya wateja wangu wote. Na kwa kuwa waendesha baiskeli hawapishani bila salamu, kila mmoja aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, macho mbele, kama anamsalimu mtalii.

"Wangekuwa na akili wangeelekea upande mmoja," aliniambia Praxku, fundi wa injini aliyestaafu, ambaye kiti chake cha nje amekikalia mpaka kimechukua umbo lake. "Mmoja angetangulia, mwingine angefuata. Wasingeonana mpaka kiama."

"Si uwaambie wewe."

"Mimi? Meno yangu bado nayahitaji, Arrate."

Mwaka huu Mama alitimiza miaka tisini. Mama Kontxesi anakaa nami, ghorofa ya juu ya baa, na siku zake zote za kuzaliwa tangu ugomvi ule amezisherehekea mara mbili: mtoto mmoja wakati wa chakula, mwingine wakati wa kahawa, na mimi katikati nikibadilisha vitambaa vya meza. Safari hii nilichoka. Niliwapigia simu wote wawili na kuwaambia waziwazi kwamba sitaki kuwaona meza moja kwa mara ya kwanza siku ya kumzika mama yao. Nililia nikiwaambia. Gotzon akasema, "Mimi nitakuja saa nane. Huyo aje baadaye." Laxaro akasema, "Nitakuja, ila nipigie kwanza huyo akishaondoka."

Mama akaniomba nimpe simu aongee nao mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na nitoke chumbani. Nikatoka. Aliporudisha simu sikuona dalili yoyote usoni mwake, ila alitaka kujua kama samaki nimeshaagiza.

Jumapili ikafika. Nikaandaa meza moja tu, sahani zote pamoja, liwalo na liwe. Makaa yakawashwa nje, wateja wa asubuhi wakaja na kuondoka. Ukafika wakati wa vidole viwili kuinuliwa mbele ya baa. Hakupita mtu. Wakapita Wafaransa, wakapita vijana wa chama cha baiskeli cha Zumaia wakipiga kelele, wakapita mume na mke kwenye baiskeli moja ndefu. Kaka zangu hawakuonekana, si wa kutoka Deba, si wa kutoka Zarautz.

"Leo wamekususia," Praxku akasema.

Sikucheka. Nikampigia Gotzon, simu ikaita mpaka ikakatika. Ya Laxaro ilikuwa imezimwa. Nikatembea mpaka kwenye kona, nikaangalia barabara huku na huku, nikarudi, nikaenda tena. Nikawaza gari, nikawaza moyo wa Gotzon, ambao daktari ameshaulalamikia. Nikawaza kwamba labda wamekutana mahali pasipo na watu na safari hii si vikombe vilivyovunjika.

Nikapanda juu kwa Mama. Alikuwa ameketi kwenye kichwa cha meza na gauni lake la buluu, akila zeituni na kupanga kokwa pembeni mwa sahani.

"Mama, huna wasiwasi?"

"Nina njaa."

Samaki alikuwa ameanza kukauka niliposikia honi barabarani. Nikakimbilia dirishani. Kutoka upande wa Zumaia zilikuja baiskeli mbili sambamba, zimeijaza barabara nzima, na nyuma yake mkia wa magari yaliyokosa pa kupita. Mmoja alikuwa Gotzon. Mwingine alikuwa Laxaro. Walikuwa wakigombana kwa sauti kubwa, kila mmoja ameachia mkono mmoja ili apate kumwonyesha mwenzake kidole. Nilishuka ngazi sijui vipi. Nilifurahi mpaka nikashindwa kusema, na kwangu hilo ni ugonjwa.

"Mwambie Arrate!" Gotzon alisema hata kabla ya kushuka. "Mwambie nilikukuta unatoka wapi!"

"Nilikuwa natoka upande wako! Upande wako wewe, nimekuachia kwa heshima ya Mama! Wewe ulikuwa unafanya nini kwenye wangu?"

Ilibidi niwakalishe ndipo nielewe. Gotzon alikuwa ametoka Deba asubuhi na, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi, akauelekea mlima kwanza, kama anavyofanya Laxaro akishapita hapo. Laxaro naye alikuwa ametoka Zarautz na kuelekea milimani, kama Gotzon. Kila mmoja aliamua kushindwa kimyakimya, mara moja tu, kwa ajili ya mama yake. Wakakutana uso kwa uso Loiola, karibu na Azpeitia, mbele ya kanisa kubwa, watu wakitoka misani.

"Nikamwambia geuza, tuendelee upande wako," Laxaro alisema.

"Na mimi nikamwambia geuza yeye, tuendelee upande wake. Hataki. Mbishi."

"Mbishi nani?"

Walisimama pale karibu saa nzima wakilazimishana kushinda, mpaka padri akatoka kuwaomba wapunguze sauti. Mwishowe hakugeuza mtu. Walishika barabara ya mtoni inayoukata mzunguko katikati, ile ya malori, ambayo mwendesha baiskeli anayejiheshimu haipiti Jumapili, wakatokea Zumaia.

"Kwani nani aliwaambia mbadilishe upande?" nikauliza.

Wote wawili wakamtazama Mama.

"Mama. Uliwaambia wote?"

"Ningemwambia mmoja," Mama alisema, "mwingine angeshinda."

Tukala. Samaki alikuwa mkavu na hakuna aliyethubutu kulisema hilo. Gotzon alimmiminia mdogo wake mvinyo bila kuombwa, na Laxaro alimsogezea bakuli la dagaa, wakilaumiana muda wote juu ya malori. Nilienda jikoni nikajifuta macho kwa taulo la vyombo, kisha nikarudi na keki.

Ndipo Praxku, ambaye hakualikwa ila alikuwepo, akauliza, "Sasa Jumapili ijayo mtaelekea upande gani?"

Ningekuwa na kikaango mkononi angekivaa. Laxaro aliweka uma chini. Gotzon aliweka wake. Wakaanza kutazamana kwa namna ninayoijua, na mimi nikaanza kuokota vikombe.

Mama alikuwa akinyonya kichwa cha samaki. Hakuinua macho.

"Jumapili ijayo," alisema, "bado nitakuwa na miaka tisini."