Doa Katikati ya Pamba

Jumamosi saa kumi jioni Apolonia alikuwa dukani kwa Khatibu, nje kidogo ya Bariadi, akinunua chumvi. Televisheni ya duka ilionyesha marubani wa ndege za kivita wakifunzwa katika nchi ya mbali. Mkufunzi alimwonyesha mwanafunzi duara jeupe lenye doa jeusi katikati. "Hushuki mpaka ulipige," alisema.

Ndege ikainama. Bomu likaanguka uani kwa Apolonia, ambako mumewe, Mboje, alikuwa ameketi katikati ya pamba iliyoanikwa, akitenga safi na fifi, ile iliyochafuka. Mguu wake ulikutwa kwenye ua wa minyaa. Pamba yote ikawa fifi.

"Shabaha nzuri," mkufunzi alisema.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, waliipiga televisheni kwa rungu mpaka ikatoka damu. Khatibu akapiga deki, akaleta nyingine.

Jumamosi iliyofuata kipindi kilirudiwa. Kilipoanza tu, Mboje alikuwa ameketi tena kwenye pamba, mzima, akilalamika kwamba chai haina sukari.

"Baba Mahona, toka hapo!" Apolonia alimsihi mumewe.

"Ngoja nimalize fungu hili."

Safari hii ulikutwa ule mguu mwingine.

Katika marudio ya pili Apolonia hakubembeleza. Alimkamata Mboje shati, akamburuta mpaka ndani, akafunga mlango. Rubani aliona weupe bila doa. Akazunguka, akamwona mke wa jirani yao Malimi akichambua pamba uani kwake, akampiga yeye.

Mboje aliishi wiki nzima. Alikula ugali, akatengeneza zizi.

Jumamosi asubuhi Malimi alikuja na panga.

"Mwangaluka, mayo," alimwamkia Apolonia.

"Mwangaluka."

"Leo mke wangu atarudi. Mrudishe mumeo kwenye pamba."

"Si tujifiche wote?"

"Rubani atazunguka mpaka apate mtu. Mimi kuzika sijazoea. Wewe umezoea."

Apolonia alisimama mlangoni, asimpishe. Malimi akamkata mkono. Mboje akatoka nje, akamfunga mkewe jeraha kwa kitambaa.

"Mama Mahona, tusigombane na majirani," alisema, akaenda kuketi kwenye pamba.

Saa kumi ilipokaribia, Apolonia alileta chai yenye sukari, akaketi kando yake, akaanza kutenga fifi kwa mkono uliobaki mzima.

Kwenye televisheni mkufunzi alihesabu madoa mawili, akamwongezea rubani alama.