Pilipili ya Mjane

Usingizi uliomchukua Bi Sikudhani mchana ule haukuwa wa kupumzika, ulikuwa wa kukimbia. Asubuhi nzima alikuwa ametwanga pilipili kichaa, maana jioni walikuwa wanaanua matanga ya kaka yake Hamduni, na katika ukoo wao matanga hayaanuliwi mpaka dada mkubwa wa marehemu amtie mjane pilipili machoni. Machozi yakitiririka, watu hushangilia wakasema kweli huyu alimpenda mumewe. Asiyetiwa husemwa kwamba kamuua. Mjane mwenyewe, Mwajabu, alimfuata jikoni amejitanda kaniki, akauliza kwa sauti ya chini, "Wifi, utanitia nyingi?" Sikudhani akajibu bila kuinua uso, "Tumetiwa sote, wifi yangu." Na kweli naye alitiwa alipofiwa na mumewe, na tangu siku hiyo jicho lake la kushoto huona ukungu mtupu. Basi akaenda kujilaza mkekani, moyo mzito, mikono ikimwasha.

Akajiona yumo katika nchi ya vumbi jekundu, ambako miti ilikuwa na majani lakini haikuwa na vivuli, na njia zote zilikuwa zimekwisha kukanyagwa hata mgeni hakuwa na pa kupotelea. Alipokelewa na mama mmoja mnene, mpole, jina lake Mazoea, aliyemtandikia kanga na kumpepea. "Karibu mwanangu," alisema. "Huku kwetu hakuna anayefikiri hata akachoka." Katikati ya ua alikaa mzee mwenye joho jeupe, na kila apitaye alimpigia goti na kumwita Heshima. Lakini upepo ulipoinua pindo la joho, Sikudhani aliona miguu iliyolowa damu mbichi, akatambua kuwa yule ni Ukatili na vazi si lake. "Heshima mwenyewe yuko wapi?" akauliza. Mazoea akacheka kidogo. "Alilivua siku moja akaenda kuoga. Tangu hapo hatujamwona, na kusema haki, hatujamtafuta."

Nyuma ya nyumba akamkuta msichana aliyefungwa kitambaa machoni, naye akajitaja kuwa ni Huruma. Hakuona kitu, lakini alimshika Sikudhani mkono akamwongoza bila kujikwaa, mpaka kwenye msururu wa wanawake uliopotelea upeoni, kila mmoja ameshika bakuli la pilipili na kumtia aliye mbele yake. "Nani alianza?" Sikudhani aliuliza, na kila aliyemuuliza alijibu kwa adabu, "Muulize aliye nyuma yangu." Akampita mama yake, akampita bibi yake, akapita nyuso asizozijua, na nyuma kabisa, msururu ulikoanzia, akakuta kigoda kitupu kilichofunikwa vumbi. Huruma akamwambia, "Wote wanakiinamia hiki. Huenda wa kwanza alikuwa na hasira za siku moja tu, huenda alikuwa na wazimu. Hutampata umuulize, shangazi. Lakini wa mwisho yupo, umemwacha kule mbele." Sikudhani akarudi mbio, na kule mbele akamkuta binti yake Mwanahawa, ambaye hata kuolewa bado, amepiga magoti na kuinua uso. "Mama, mimi tayari," alisema, kwa utulivu uliomchoma mama yake kuliko kilio.

Akazinduka. Akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimtia uchungu, kwamba kile walichokiita mila hakuna hata mmoja wao aliyekitaka, ila kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kukiacha. Nje wanawake walikwisha kujaa mikekani. Akatoka na bakuli lake, akasimama mbele yao akasema, "Mimi simtii."

Hakuna aliyegomba. Mdogo wake, Mwatumu, alinyoosha mkono taratibu. "Mwacha mila mtumwa, dada. Kama wewe umeshindwa, nipe mimi."

Mara Sikudhani akamwona Mwajabu anamjia kwa magoti. "Nitie wifi, nakuomba. Usiponitia, wanangu wataitwa watoto wa mchawi mpaka wazeeke. Jicho litapona, jina halitapona." Kisha akazivuta kope zake mwenyewe kwa vidole, akaukodolea uso wa wifi yake, akingoja.

Sikudhani alimhurumia. Alijua kwamba kumwacha hivi hivi hakumwokoi, ni kumtupa peke yake midomoni mwa watu. Akaimwaga pilipili mchangani, akaifukia kwa kisigino, akaketi kwenye mkeka wa mjane, bega kwa bega naye, na kuivuta kaniki ile iwafunike wote wawili.

"Basi semeni tulimuua wawili," alisema. "Mkewe, na mimi dada yake wa tumbo moja."

Wanawake wakatazamana. Kisha wakainuka mmoja mmoja, wakaondoka bila kuaga wala kugusa chakula, Mwatumu akiwa wa kwanza.