Sahihi Mia Mbili za Barabara

Mtu akishakuzalisha watoto watatu, utamnyima sahihi? Thubutu! Ndiyo maana mkunga wa zahanati alipita nyumba hadi nyumba siku tisa, kalamu imening'inia shingoni kwa kamba, na hakuna aliyemfungia mlango. Wengine hata hawakuuliza karatasi ni za nini. Fundi baiskeli, yule waliyempachika jina la Redio kwa sababu habari ikimfikia hailali kwake, alisaini mikono ikiwa imejaa grisi. "Hata ukinipeleka jela, mama, nitajua umenipeleka kwa heri," akasema, na mkunga akacheka mpaka akashika ukuta.

Karatasi zilikuwa za barabara. Kata ile ilikuwa na barabara kwa jina tu. Kutoka njia kuu hadi zahanati ni kilomita nne, lakini mvua ikinyesha siku mbili, gari la wagonjwa lilifika bondeni likazama hadi milangoni, na dereva akabaki kupiga simu kuomba radhi. Mkunga alikwisha kupokea wajawazito waliobebwa juu ya vitanda, juu ya baiskeli, na mmoja juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba zake. Wawili hawakufika. Hao hakupenda kuwazungumzia, ila ukimtajia barabara sauti yake ilibadilika.

Aliyempa kazi ya sahihi alikuwa diwani, na diwani alikuwa mwanawe. Hakumzaa yeye, alizaliwa na dada yake. Dada alifariki mtoto akiwa hana hata siku moja, akabaki mikononi mwa mama yake mdogo, akalelewa, akasomeshwa, akaozeshwa. Alipogombea udiwani, nusu ya kura zake alizipata kwa ajili ya huyo mama mdogo, na hilo alilikiri mwenyewe jukwaani huku anapangusa machozi.

"Halmashauri wanataka kuona wananchi wenyewe wameomba," alimwambia siku aliyomtuma, amekaa kwenye benchi la wajawazito na suruali yake ya kunyooshwa. "Nikipita mimi watasema ni siasa. Ukipita wewe, mama mdogo, nani atakataa?"

Akavikwa kilemba cha ukoka, maskini, na akakiona chepesi kichwani. Alichana karatasi kwenye daftari kubwa akazipiga mistari kwa rula. Hapo ndipo alipojikwaa, na alijikwaa kwa mazoea ya kazi. Rejista ya wazazi ina kichwa kwenye ukurasa wa mwanzo tu. Kurasa zote zinazofuata ni namba, jina, tarehe, basi. Miaka thelathini na minne alizijaza hivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza ukurasa wa mia ni wa nini. Kwa hiyo ombi lote la barabara aliliandika kwenye karatasi ya kwanza, kwa mwandiko wake mzuri, mpaka ikajaa. Majina yakaanzia karatasi ya pili, na la kwanza kabisa lilikuwa lake. Karatasi kumi za majina, na hakuna hata moja iliyotaja neno barabara.

"Hii ya juu nitaipigisha chapa, ipendeze," diwani alisema alipozipokea. Sahihi zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Akamkumbatia mpaka kofia ya kazi ikamdondoka. Mkunga alirudi wodini akiimba, na wagonjwa wakaulizana leo mama ana nini.

Miezi miwili baadaye greda likaja. Jamani, furaha! Watu waliacha majembe, wanawake wakapiga vigelegele, Redio akatangulia mbele ya lile dude akilielekeza kwa mikono utadhani yeye ndiye aliyelinunua. Bonde likajazwa kifusi, mitaro ikachimbwa, kalavati zikalazwa. Mkunga alisimama kwenye kona ya zahanati amevaa gauni lake jeupe, akisubiri greda likunje.

Halikukunja. Lilipita kona ile likanyoosha kupanda mlimani, hadi kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, mahali ambapo hapana nyumba wala shamba. "Limepotea!" Redio akapiga kelele, na watu wakacheka. Dereva akasema yeye anafuata ramani. Mkunga akajipa moyo kwamba litarudi kesho. Kesho yake likapakiwa kwenye lori likaondoka, na kipande cha kwenda zahanati kikabaki na mashimo yake yale yale.

Wiki iliyofuata wakaja mafundi wengine na waya wa uzio. Wakazungushia machimbo, wakasimika bango, na bango likasema hapo ni dampo la halmashauri. Lori la kwanza likapanda Jumatatu asubuhi, limefunikwa turubai, likidondosha mifuko njia nzima. Harufu yake ilimkuta mkunga anamfunga mtoto kitovu. Chini ya machimbo, mita mia tatu hivi, ndiko kunakotoka chemchemi ambayo kata nzima inakunywa, na ambayo zahanati inaoshea vitoto vichanga. Alimaliza kufunga kitovu, akamrudishia mama mtoto wake, akavua glavu, akashika njia kwenda ofisi ya kata.

Diwani alikuwa mezani. "Karibu, mama mdogo, keti, nikuagizie chai."

"Sikuja kunywa chai. Lile lori linafanya nini kule juu?"

Akajikuna shingo. Tangu utotoni, akikoroga mambo, hujikuna shingo. "Mlitaka barabara," akasema. "Mimi nimeleta barabara. Lakini halmashauri hawatengenezi barabara kwa ajili ya wajawazito sita kwa mwezi, mama mdogo. Wanatengeneza kwa ajili ya malori. Mji umejaa taka, wanatafuta pa kutupa, mimi nikawaambia kwangu papo. Kipande cha kwenu kitafuata."

"Na maji?"

"Wataalamu wamepima."

"Wamepima lini? Wamepita wapi nisiwaone?"

Akajikuna shingo tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile ya kubembeleza, kwamba Alhamisi kutakuwa na kikao, afisa wa mazingira atakuja kuthibitisha ridhaa ya wananchi, ni jambo la kawaida, la nusu saa tu. "Wewe usiseme kitu. Kaa kimya tu, nakuomba."

"Ridhaa gani? Nani ameridhia?"

Diwani akainuka kumfungulia mlango, na mkunga hakupata akili ya kuuliza mara ya pili. Mtu uliyemtafunia chakula akiwa hana meno, unaanzia wapi kumfikiria vibaya? Alirudi kazini akijiambia kuwa kijana ana mambo mengi.

Alhamisi ukumbi wa kata ulijaa mpaka madirishani. Afisa wa mazingira alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na faili la kijani. Akafungua faili akasoma: "Sisi wakazi wa kata hii, kwa hiari yetu, tumekubali eneo la machimbo litumike kutupia taka za mji." Imepigwa chapa, imependeza kweli. Kisha akageuza ukurasa, na mkunga, aliyekaa safu ya pili, akaona mistari yake. Mistari yake ya rula, namba zake, na wino wa kalamu yake ya kamba. "Wametia sahihi watu mia mbili na kumi na nne," afisa akaendelea. "Wa kwanza ni mkunga wa zahanati."

Vichwa viligeuka vyote. Angeweza kuvumilia matusi. Macho yale hakuyaweza. Mama mwenye mapacha, ambaye mkunga alimuuguza wiki tatu bila kulala, ndiye aliyesimama. "Mama mkunga, ni wewe uliyekuja kwangu. Nilikuwa nanyonyesha. Ukanishikia huyu mmoja ili nisaini. Kumbe ulinishikia mtoto ili uninyweshe taka?"

"La, mwanangu, wallahi la!" Mkunga akainuka. Akaeleza. Akasema juu palikuwa na karatasi nyingine, ya barabara, kaiandika mwenyewe, na aliyeichukua kwenda kuipigisha chapa ni yule pale. Akanyoosha kidole kwa mwanawe mbele ya kata nzima, na kidole kilikuwa kizito kweli.

Diwani akasimama taratibu. Wala hakukasirika. Alitabasamu kwa huzuni, kama mtu anayemwonea haya mzazi wake. "Ndugu zangu, mnisamehe. Huyu ni mama yangu, na hili sikutaka kulisema hadharani. Umri umekwenda. Siku hizi anasahau. Nilimweleza dampo, nikamweleza barabara, vyote viwili, akakubali, akapita nayo kwenu. Leo hakumbuki. Tumsitiri jamani."

Loo! Mkunga alimtazama usoni akingoja aseme ni mzaha, ajikune shingo, afanye lolote lile. Diwani akaketi, akatoa simu yake akaanza kuisoma.

Afisa akavua miwani. Alionekana kuumia kwa kweli. "Mama, lazima niandike kitu hapa. Ama ulijua ni dampo ukawaficha wenzako, ama ulisahau ulichoelezwa. Na kama unasahau, itanibidi niwajulishe watu wa afya. Mtu mwenye tatizo la kumbukumbu hawezi kuachiwa wazazi. Niandike lipi?"

Tapeli au mzee aliyepoteza kumbukumbu, achague mwenyewe. Na aliyemwekea njia hizo mbili amekaa pale na simu yake. Uchungu ulimpanda mkunga mpaka akahisi ladha yake mdomoni. Kisha hasira ikafuata, na hasira ikamsaidia kusimama wima.

"Nipe hizo karatasi," akasema. Afisa akampa. Mkunga hakuzitazama, alizishika tu kifuani.

"Namba mbili, mwalimu mkuu. Mwanao wa mwisho alizaliwa Jumanne saa tisa mchana, kilo tatu na robo, na wewe ukazimia mlangoni tukaanza kukuhudumia wewe. Namba tatu, mama muuza nyanya. Wasichana wanne, wa tatu kazaliwa na kitovu shingoni, mizunguko miwili. Namba nne, Redio. Wewe mwenyewe nilikupokea mimi, Jumapili adhuhuri. Mama yako alikataa kulala, akakuzaa amesimama ameshika nondo za dirisha, na ulianza kupiga kelele hujamaliza hata kutoka."

Watu wakaangua kicheko, hata afisa. Akaendelea. Namba tano, namba sita, namba kumi na nane. Siku, saa, uzito, nani alitanguliza makalio, nani alizaliwa kwenye nyasi bondeni gari likiwa limekwama. Hakukosea mahali hata pamoja, na kila aliyetajwa alitikisa kichwa kukubali. Alipofika namba arobaini mama mwenye mapacha alikuwa analia. "Inatosha," mama huyo akasema. "Mimi nilisaini barabara. Andika, afisa. Barabara!" Mwalimu mkuu akasimama akasema hivyo hivyo, kisha muuza nyanya, kisha ukumbi wote kwa pamoja, kelele tupu.

Afisa akachukua karatasi zake, akafunga faili. Akasema ridhaa hiyo haipo, malori yatasimama kuanzia leo, na suala la kughushi litaenda ngazi ya juu. Diwani sasa alikuwa ameinamisha kichwa, simu imezima mkononi. Redio, ambaye mdomo wake haujawahi kujua pa kuishia, akapaza sauti kutoka dirishani: "Na diwani wetu je, mama? Naye si ulimpokea wewe? Tupe habari zake!"

Kicheko kikaanza, kikakatika chenyewe. Diwani akainua uso. Macho yalikuwa mekundu, na yalikuwa yanaomba.

"Huyo simkumbuki," mkunga akasema. Akamgeukia afisa. "Kama unataka kuandika kuwa kuna mtu nimemsahau, mwandike huyo."

"Mama mdogo," diwani akaita.

Hakugeuka. Watu walimpisha njia, wengine wakimgusa bega, naye akatoka hadi nyuma ya ukumbi penye tangi la maji, mahali pasipo na mtu. Hapo akajiegemeza, akalia kwa kwikwi. Alikuwa amesema uongo mbele ya kata nzima. Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, miguu ikitangulia, kilo mbili na nusu. Na mtoto hakulia mpaka alipompuliza pumzi zake mwenyewe puani, mara tatu.