Mkate Unaopiga Hodi

Jumatatu baada ya mazishi, bibi wa ustawi wa wafanyakazi wa kiwanda cha mashati alisimama kwenye mlango wa kantini, akimkabidhi kila mshonaji mfuko wa unga na pakiti ya hamira.

"Kaokeni mikate nyumbani," alisema. "Kukanda unga kunatuliza akili."

Alikuwa mtu mwema, na hakuwa na kitu kingine cha kugawa. Mshona kola mmoja alipokea wake kwa mikono miwili, akaitikia kwa kichwa tu. Tangu siku kiwanda kiliposhika moto donge lilikuwa limemkaa kooni, sauti haitoki, na hata chai ilipita kwa kubembelezwa.

Mdogo wake, mshona vifungo, alifia kwenye mlango wa nyuma. Mlango ule ulikuwa umetiwa kufuli ili mtu asije akatoroka na shati chini ya gauni. Wengine waligombania madirisha. Yeye alibaki akigonga, maana tangu utotoni alikuwa mtoto wa adabu, akiamini mlango ukigongwa hufunguliwa. Walipomkuta, ngumi yake ilikuwa bado imekunjwa.

Jioni hiyo mama yao alimtazama mshona kola akizungusha kijiko kwenye uji asiounywa.

"Litoe hilo donge, mwanangu. Litakuua."

Basi akainama juu ya beseni, akakohoa, donge likatoka. Lilikuwa jeupe, laini, kubwa kama yai. Mama akalibonyeza, akaonja ncha ya kidole.

"Lina chumvi tayari. Usiongeze nyingine."

Mshona kola alilichanganya na ule unga wa kiwanda, akakanda. Alikanda mpaka mabega yakawaka moto, na humo humo akalia, kile kilio kilichomgomea hata makaburini. Lo, alilia mwanamke yule! Kisha akafunika beseni kwa kitambaa, unga ukaumuka kama unga mwingine wowote. Mkate ulipotoka kwenye oveni, kitu kiligonga kutoka ndani ya ganda.

"Hodi," mkate ukasema, kwa sauti ya mdogo wake.

"Karibu," mama akajibu, akaumega. Mvuke ukatoka, sauti ikanyamaza. Waliula na siagi. Usiku ule mshona kola alilala fofofo, jambo ambalo vidonge vya zahanati vilikuwa vimeshindwa kulifanya.

Ikawa ndiyo kawaida. Kila asubuhi aliamka na donge jipya, kila jioni alilioka. Nyumba nyingine zenye msiba nazo zilikuwa hivyo hivyo. Ukipita mtaani saa ya chakula, unasikia hodi zikipigwa majikoni. Majirani walinung'unika kidogo, si kwa sababu ya hodi, bali kwa kuwa harufu ile iliwatia njaa bure.

Na kuoka kulisaidia, tuseme kweli. Mshona kola alirudisha mwili, sauti ikamrudia, hata siku moja akamcheka mama yake kwa kuvaa sweta nje ndani. Taabu ni kwamba donge lilikuwa linapungua. Leo limekuwa dogo kuliko jana, na hodi nayo inafifia.

"Mama, likiisha, nani atagonga?"

"Mshukuru Mungu unapona."

"Napona. Na kufuli je?"

Mama alichukua kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi.

Kiwandani kufuli la mlango wa nyuma lilikuwa jipya, kubwa kuliko la kwanza, kwa kuwa la kwanza liliharibiwa na moto.

Donge la mwisho lilitoka likiwa dogo kama kifungo cha shati. Alilioka kwenye mkate mdogo, akautia kwenye taulo ungali moto, akaenda nao kazini akiukumbatia. Njiani hakumsalimia mtu, mkate usije ukadhani umefika, ukapiga hodi bure. Alitaka kitu kimoja tu: mdogo wake amgongee mwenye ufunguo mwenyewe.

Meneja alikuwa mezani, ufunguo ukining'inia kwenye msumari nyuma ya kichwa chake. Mshona kola akautua mkate mbele yake.

"Hodi," mkate ukasema, kwa sauti ndogo mno.

"Karibu, karibu," meneja akasema, macho kwenye simu, kwa kuwa naye alilelewa vizuri. Akaumega, akatafuna. "Mtamu huu. Umepona, dada, inaonekana. Hongera sana."

"Mlango," mshona kola akasema. "Anataka ufungue mlango wa nyuma."

"Karibu tena," meneja akasema, akipangusa makombo kwenye shati.

Mshona kola alirudi kwenye cherehani yake. Alimeza mate, yakapita bila kukwama, na hapo ndipo alipoumia kuliko siku zote. Alikaa akisikiliza kule nyuma mpaka msimamizi akamwita kwa jina. Hakuna kilichogonga.

Saa ya kutoka, bibi wa ustawi alikuwa tena kwenye mlango wa kantini na mifuko yake.

"Wiki hii ni keki," alisema.

Mshona kola alipokea wake kwa mikono miwili, akasema asante, kwa sauti safi iliyosikika mpaka mlango wa nyuma.